"Kwani Si Anyoe Tu?" Historia Ndefu Iliyojificha Nyuma ya Leza ya Ndevu kwa Wanawake Trans

Ukiandika neno "leza" kwenye TikTok leo, video hazihesabiki. Dada amelala kwenye kitanda cha kliniki, amezibwa macho kwa miwani maalum, mashine inapita juu ya mdomo wake, chozi linamtoka na hapo hapo anacheka. Wapo maharusi watarajiwa. Wapo wanaootwa na ndevu kwa sababu homoni zimeyumba. Na wapo wanawake trans, yaani watu walioandikwa wavulana walipozaliwa lakini maisha yao wanayaishi kama wanawake. Hawa wanarekodi siku yao ya kwanza kwenye leza kama wengine wanavyorekodi mahafali.

Ukishuka kwenye maoni, swali ni lile lile: "Kwani si anyoe tu?"

Swali halina ubaya. Ila jibu lake lina historia ya karibu miaka 150. Ndani yake kuna daktari wa macho, mionzi iliyoacha watu na saratani, krimu yenye sumu ya panya, wanajeshi wenye vipele vya ndevu, na watu wawili waliokamatwa na polisi wakitoka kupata kifungua kinywa. Ukiijua, hutaiangalia tena ile video kwa jicho lile lile.

Ndevu hazisikii vidonge

Mvulana akibalehe, homoni ya testosteroni inazibadilisha nywele laini za usoni kuwa nene, nyeusi na zenye mzizi mzito. Hiyo ni tiketi ya kwenda tu, haina kurudi. Mwanamke trans akianza kutumia estrojeni baadaye, ngozi inalainika, umbo linabadilika taratibu, nywele za mwilini zinapunguza kasi. Ndevu zenyewe zinabaki. Pengine zitaota polepole kidogo, lakini hakuna kidonge kinachoziondoa.

Na wembe je? Wembe unakata unywele juu ya ngozi, mzizi unabaki pale pale chini. Kwa mwenye ndevu nzito, ule weusi unaonekana hata dakika tano baada ya kunyoa. Ndicho kile kivuli ambacho poda inakificha asubuhi, na ikifika saa nane mchana kimesharudi. Kwa mwenye nywele za kujikunja, kama walivyo Waafrika wengi, kuna balaa la ziada: unywele uliokatwa unajikunja, unarudi kuichoma ngozi, vinatoka vipele, na vipele vinaacha madoa meusi.

Kwa hiyo mtu anayenyoa kila siku hajaondoa kitu. Anaficha tu, na kesho anaanza upya.

Aliyeanza alikuwa daktari wa macho

Mtu wa kwanza kuandika kuhusu njia ya kuung'oa unywele usirudi tena hakuwa anafikiria ndevu kabisa. Alikuwa Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis, Marekani. Wagonjwa wake walikuwa na kope zinazoota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Ukizing'oa kwa koleo, baada ya wiki chache zimerudi. Michel akachukua sindano nyembamba, akaiingiza kwenye shimo la unywele, akapitisha umeme kidogo. Mzizi ukafa. Mwaka 1875 akachapisha kazi yake.

Njia hiyo ndiyo inayoitwa elektrolisisi. Umeme ukipita kwenye chumvi na maji yaliyomo ndani ya ngozi, unatengeneza kemikali kali ya kuunguza, na kemikali hiyo ndiyo inayoula mzizi. Haichukui muda madaktari wa ngozi wakaidaka. Kama inaua kope, basi itaua na ndevu za wanawake. Wateja walikuwepo tele, maana wanawake wenye ndevu hawakuanza leo.

Tatizo lake ni moja, na ni kubwa. Sindano inaua unywele mmoja kwa wakati mmoja. Uso wenye ndevu una maelfu ya nywele. Piga hesabu mwenyewe.

Njia ya mkato iliyogeuka janga

Mwishoni mwa mwaka 1895 mwanasayansi Mjerumani, Wilhelm Röntgen, akagundua mionzi ya eksirei. Mwaka uliofuata, daktari mmoja wa Vienna aitwaye Leopold Freund akaielekeza kwenye mgongo wa msichana mdogo aliyekuwa na alama kubwa ya kuzaliwa iliyojaa nywele. Nywele zikadondoka. Hakukuwa na sindano wala maumivu ya papo hapo. Ilionekana kama miujiza.

Kufikia miaka ya 1920, miujiza hiyo ilikuwa biashara. Daktari wa New York, Albert Geyser, alianzisha mfumo ulioitwa Tricho, na mashine zake zikasambazwa kwenye saluni za urembo za Marekani na Canada. Mwanamke anakaa kwenye kiti, anaegemeza shavu kwenye tundu la mashine, dakika chache zimeisha, anakwenda zake. Matangazo yaliahidi kwamba hakuna maumivu na hakuna madhara.

Nywele zilitoka kweli. Baadaye ngozi ikaanza kukunjamana, ikawa na madoa, ikafanya vidonda visivyopona. Mwaka 1929 chama cha madaktari cha Marekani kiliipinga Tricho hadharani, na muda si mrefu kampuni ikafa. Ila mionzi haina haraka. Kuna wanawake waliokuja kupata saratani miaka 20, 30, hata zaidi baada ya kukaa kwenye kile kiti.

Kama hiyo haitoshi, mwaka 1930 ikaingia sokoni krimu iitwayo Koremlu. Ndani yake kulikuwa na thaliamu, madini yale yale yaliyotumika kuulia panya. Unapaka, nywele zinatoka. Kisha miguu inaanza kuuma, wengine wakapooza, wengine macho yakaharibika. Kampuni ikafilisika mwaka 1932, waathirika wakabaki mikono mitupu. Serikali yenyewe haikuwa na meno, kwa sababu sheria ya Marekani ya wakati huo haikugusa vipodozi kabisa. Vipodozi viliingizwa kwenye sheria mwaka 1938, na Koremlu ilikuwa mojawapo ya mifano iliyotumika kuonyesha kwa nini sheria mpya inahitajika.

Cha kujifunza hapo ni kitu kimoja. Wanawake wale hawakuwa wajinga. Uso wenye ndevu ulikuwa umewafungia milango ya kazi, ya ndoa, hata ya kutoka nje. Mtu aliyefungiwa milango hiyo yote anaamini tangazo lolote.

Berlin, miaka 14 ya kupumua

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na jumba moja ambalo watu trans walikuwa wanalisikia hata wakiwa miji ya mbali. Mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua Berlin taasisi ya kuchunguza masuala ya jinsia. Pale palikuwa na kliniki, maktaba, na watu trans waliofanya kazi na kuishi humo humo. Polisi wa Berlin nao walikuwa na utaratibu wa kutoa cheti maalum, kwa ushauri wa daktari, kinachomruhusu mtu kuvaa mavazi ya jinsia anayoishi bila kusumbuliwa barabarani.

Cheti kinaweza kukutetea mbele ya askari, lakini hakinyoi ndevu. Kwa hiyo taasisi ikaongeza huduma ya kuondoa nywele. Kwa kutumia nini? Eksirei ile ile. Kuna waliotoka pale na ngozi zimeungua. Leo inasikitisha kusoma hivyo, lakini ilikuwa ndiyo teknolojia ya juu ya zama zile, na kwa mara ya kwanza kuna madaktari waliochukulia ndevu za mwanamke trans kama ishu ya kitabibu na siyo kichekesho.

Haikudumu. Tarehe 6 Mei 1933 vijana wafuasi wa Wanazi walivamia taasisi, wakabomoa na kupora. Siku nne baadaye vitabu vya maktaba yake vikatupwa kwenye moto hadharani katikati ya Berlin. Zile picha maarufu za Wanazi wakichoma vitabu ambazo kila mtu ameziona? Sehemu ya kilichokuwa kinaungua mle ni kumbukumbu za watu hawa.

Zama za sindano: ili ndevu ziondoke, sharti zionekane

Baada ya vita, Desemba 1952, gazeti moja la New York lilitoa ukurasa wa mbele habari ya mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyefanyiwa upasuaji Denmark na sasa ni mwanamke. Dunia nzima ikazungumza. Barua zikamiminika kwa madaktari: "Na mimi je?" Mwaka 1966 hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ikafungua kliniki ya masuala hayo, na mwaka huo huo daktari Harry Benjamin akachapisha kitabu chake kikubwa kuhusu watu trans.

Eksirei ilikuwa imeshapigwa marufuku kichwani mwa kila daktari mwenye akili timamu. Kilichobaki ni sindano ya St. Louis, safari hii imeboreshwa. Tangu mwaka 1924 kulikuwa na aina inayotumia joto badala ya kemikali, na mwaka 1948 ikapata hataza mashine inayochanganya vyote viwili. Bado ilikuwa unywele mmoja mmoja. Kusafisha uso mzima kulichukua mamia ya saa, kwa miaka, na kila saa inalipiwa.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha stori yote.

Ili mtaalamu wa elektrolisisi aingize sindano kwenye shimo la unywele, lazima auone unywele na aweze kuushika kwa koleo. Maana yake mteja haruhusiwi kunyoa siku kadhaa kabla ya kwenda. Mwanamke trans anayeishi kama mwanamke, anayekwenda kazini, anayepanda basi, anayeonana na majirani, anatakiwa aache ndevu ziote ndipo ziondolewe. Siyo mara moja. Kila wiki au kila wiki mbili, kwa miaka.

Wengine walipanga ratiba kuzunguka hilo. Miadi ikiwa Jumatatu, basi kuanzia Ijumaa jioni mtu anajifungia ndani, hafungui mlango, hapokei wageni. Wengine walisubiri wamalize elektrolisisi kwanza, ndipo waanze kuishi kama wanawake, hata kama kusubiri huko kulikula miaka yao mizuri.

Na usidhani hofu yao ilikuwa ya kuchekwa tu. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na sheria zinazokataza mtu kuonekana hadharani na mavazi "yasiyo ya jinsia yake". Chicago ilitunga yake mwaka 1851, San Francisco mwaka 1863. Zilidumu zaidi ya miaka 100.

Kisa kimoja kinatosha. Februari 1974, watu wawili walitoka mgahawani Chicago baada ya kupata kifungua kinywa. Dakika chache tu, polisi wakawakamata. Kosa lao: waliandikwa wanaume, na wamevaa nguo za kike. Mahakamani walieleza kwamba wako kwenye matibabu ya kujiandaa kwa upasuaji, na kwamba kuvaa na kuishi kama wanawake ni sehemu ya matibabu hayo hayo. Yaani daktari anasema vaa, askari anasema ukivaa nakukamata. Wakahukumiwa faini. Hawakukubali, wakakata rufaa, na mwaka 1978 mahakama ya juu ya jimbo la Illinois ikafuta hukumu ile.

Kwenye mazingira hayo, hebu fikiria kutembea kwenda kwenye miadi ya elektrolisisi ukiwa na ndevu za siku tatu chini ya mtandio.

Mwanga unaopenda rangi nyeusi

Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, mwanafizikia Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Ilitumia fuwele ya rubi na ilitoa mwanga mwekundu. Hakuna aliyejua hasa itafanya kazi gani. Daktari wa ngozi wa Cincinnati, Leon Goldman, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuielekeza kwenye ngozi ya binadamu, na mapema tu akaona kwamba mwanga ule unaziumiza zaidi nywele nyeusi kuliko ngozi nyeupe iliyozizunguka.

Siri ni rangi. Vaa shati jeusi saa sita mchana pale Kariakoo, halafu siku nyingine vaa jeupe. Jua ni lile lile, moto siyo ule ule. Unywele una rangi inayoitwa melanini, na melanini inanyonya mwanga na kuugeuza kuwa joto. Joto likishuka hadi kwenye mzizi, mzizi unaungua.

Ila ukiumulika mwanga ovyo, joto linasambaa na kuichoma ngozi nzima. Jibu lilipatikana mwaka 1983, pale madaktari Rox Anderson na John Parrish wa Boston walipochapisha kanuni yao kwenye jarida la Science. Kwa lugha ya mtaani kanuni inasema hivi: chagua rangi ya mwanga inayopendwa na kile unachotaka kukiua, kisha upige kwa muda mfupi sana, kiasi kwamba kinaungua kabla hakijapata nafasi ya kumwambukiza jirani joto lake. Mwaka 1996 kundi la Boston, Anderson akiwemo, likachapisha majaribio ya leza ya rubi kwa watu 13 wenye nywele za kahawia na nyeusi. Nywele zilichelewa kurudi, na kwa baadhi yao sehemu nyingine hazikurudi kabisa. Mwaka 1997 mashine za namna hiyo zikaanza kupata kibali Marekani.

Kwa wengi ilikuwa habari ya urembo tu. Kwa mwanamke trans kulikuwa na kitu kikubwa zaidi ambacho matangazo hata hayakukitaja: leza inataka uso ulionyolewa.

Ndiyo. Mzizi uko chini, mwanga unaufuata huko huko. Unywele ukibaki juu ya ngozi unaungua na kukuchoma bure. Kwa hiyo unanyoa kabla ya kwenda, unatoka, na jioni unaendelea na maisha yako. Wikiendi za kujifungia zikaisha. Na badala ya unywele mmoja mmoja, pigo moja linachukua eneo zima, kwa hiyo uso wote unamalizika kwa dakika, siyo kwa mwezi.

Kasheshe: mashine ilimjua Mzungu tu

Rudi kwenye lile shati jeusi. Kama mwanga unafuata weusi, itakuwaje ngozi yenyewe ikiwa nyeusi?

Kilichotokea ndicho unachokiwaza. Leza za mwanzo zilifanya vizuri kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi. Kwa mtu mweusi, ngozi ilinyonya mwanga kabla haujaufikia mzizi. Malengelenge, makovu, madoa meusi, wengine madoa meupe. Kwa hiyo mwanamke trans mweusi wa miaka ya 1990 aliyeulizia leza, jibu la kawaida lilikuwa: ngozi yako haifai. Arudi kwenye sindano.

Hata kipimo chenyewe cha ngozi kilianza hivyo. Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard aliweka madaraja ya ngozi kulingana na inavyoungua juani. Mwanzoni yalikuwa manne, na yote yalikuwa ya ngozi nyeupe. Daraja la 5 na la 6, yaani kahawia na nyeusi, yaliongezwa baadaye. Ukiona leo kliniki inakuuliza "wewe ni daraja la ngapi?", ujue ngozi za Afrika ziliingia kwenye orodha hiyo kama nyongeza.

Ukombozi ulitoka upande ambao hakuna aliyeutegemea: jeshini. Mwanajeshi wa Marekani anatakiwa anyoe kila siku. Wanajeshi weusi walikuwa wanateseka na vile vipele vya ndevu, na vipele viliweza kumletea mtu matatizo ya kazi. Madaktari wa hospitali ya jeshi la majini iliyopo San Diego wakajaribu leza nyingine inayoitwa Nd:YAG, ambayo iligunduliwa tangu 1964 kwenye maabara za Bell. Mwanga wake una urefu wa nanomita 1064, wakati rubi ni 694. Mwanga mrefu namna hiyo haushikwi sana na melanini ya juu ya ngozi, unapita na kuzama chini kwenye mizizi. Ukipigwa taratibu kidogo, na ngozi ikapozwa wakati huo huo, inawezekana. Mwaka 2002 wakachapisha matokeo kwa wagonjwa wa daraja la 4, la 5 na la 6. Vipele vilipungua sana, na ngozi ilivumilia.

Ndevu za mwanajeshi mweusi na ndevu za mwanamke trans mweusi, kibaolojia, ni ndevu zile zile. Utafiti ulifanyika kwa sababu jeshi lilikuwa linamhitaji mwanajeshi wake. Mwanamke trans akafaidika kwa mlango wa nyuma.

Anayeanza leo anakutana na nini

Leza siyo uchawi, na kuna mambo ambayo video za sekunde 30 hazisemi.

Kwanza, mashine. Rubi imeshapitwa. Zinazotumika sana sasa ni aleksandriti ya nanomita 755, dayodi ya karibu 800, na Nd:YAG ya 1064. Kwa ngozi nyeusi ya Nairobi, Mombasa au Dar, Nd:YAG ndiyo yenye rekodi ya usalama zaidi. Kuna na vifaa vya mwanga vinavyoitwa IPL, ambavyo si leza hata kama bango la mlangoni limeandika leza, na vingi havifai ngozi nyeusi. Swali la kuuliza kabla ya bei ni hili: "Mashine yenu ni ya nanomita ngapi?" Mhudumu akibabaika, jibu umeshalipata.

Pili, jaribio. Kliniki makini inapiga sehemu ndogo kwanza, kisha inasubiri kuona ngozi itajibu vipi. Anayetumia mkorogo au krimu za kung'arisha lazima aseme ukweli, maana ngozi iliyochubuliwa inaungua kirahisi. Kunyoa ruksa, ila kung'oa kwa uzi, nta au koleo wiki kadhaa kabla ni kupoteza hela, kwa sababu mwanga hautakuta mzizi wa kuuchoma.

Tatu, maumivu. Wengi wanayafananisha na kupigwa na mpira wa manati kwenye ngozi, tena mpira wa moto. Juu ya mdomo ndiyo pabaya kuliko kote. Ndevu zinauma zaidi ya miguu kwa sababu ni nene na zimesongamana. Wiki moja hadi tatu baadaye nywele zilizokufa zinasukumwa nje, na wengi wanaingiwa hofu wakidhani zinaota upya. Zinadondoka hizo.

Nne, uvumilivu. Nywele haziamki zote kwa pamoja, na leza inaua zile zilizo kwenye hatua ya kukua tu. Ndiyo maana watu wanarudi kila baada ya wiki nne hadi sita, na ndevu za kiume zinaweza kudai awamu nane, kumi, au zaidi. Hata mamlaka ya dawa ya Marekani inaruhusu leza itangazwe kama "kupunguza nywele kwa kudumu". Maneno "kuondoa kwa kudumu" yamebaki kwa elektrolisisi, sindano ile ile ya 1875. Wengi wanaanza na leza, kisha wanamalizia zilizobaki kwa sindano.

Tano, muda. Unywele mweupe hauna melanini, kwa hiyo leza haiuoni kabisa. Mwanamke trans anayeanza akiwa na miaka 25 ana ndevu nyeusi zote. Anayeanza akiwa na 50 huenda amekuta nyingine zimeshageuka mvi, na hizo zitarudi kwenye sindano. Kwa walionyimwa nafasi wakiwa vijana, hiyo ni hasara ambayo hakuna mashine ya kuifidia.

Na kuna pesa. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la wataalamu wa afya ya watu trans, WPATH, lilitoa toleo la 8 la mwongozo wake, na humo uondoaji wa nywele umehesabiwa ndani ya matibabu. Bima nyingi bado zinauita urembo. Huku Afrika Mashariki karibu kila mtu analipa mfukoni, na kwa mwanamke trans kuna gharama isiyo na risiti: kuingia mlango wa kliniki, kutaja jina lake, na kusubiri kuona mhudumu atamwangalia vipi.

Kwa hiyo mtu akiuliza "si anyoe tu?", ajue kunyoa ndiko alikokuwa anakufanya huyo dada kila asubuhi, miaka yote. Siku ya kwanza ya leza ndiyo siku ya kwanza aliyoacha kuficha akaanza kuondoa.

Wewe je, umeshapiga leza, au bado uko na wembe na uzi? Na kama ulipiga, walikuambia mashine ni ya nanomita ngapi? Dondosha maoni yako hapo chini.